Sauti ya Mwalimu Ndani ya Kishindo

Bi Unga alizaliwa katika chumba cha nyuma cha kinu cha baba yake, mchana wa siku ya kazi, mashine zikiunguruma. Mkunga alisimulia baadaye kwamba alimwona mtoto amepanua kinywa, uso umekunjamana, lakini kilio chenyewe hakukisikia hata chembe. Tangu hapo Bi Unga na kelele wakawa chanda na pete. Alikulia humo, akachumbiwa humo, na baba yake alipofariki akarithi funguo, mizani na mashine mbili: moja ya kukoboa, nyingine ya kusaga. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne. Aliinua gunia bila kuomba msaada, nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi tangu asubuhi hadi jioni, na akikuita, utageuka hata ukiwa mtaa wa tatu.

Mume wake alikuwa mtu mwembamba, mpole, na kila mtu alimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha watoto kusoma na kuandika kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alihamia barazani, kwenye mizani, chini ya dirisha dogo lililotazama ndani ya kinu. Akipima mzigo, huingiza kichwa dirishani na kupaza sauti: "Mahindi, koboa kwanza!" Halafu huongeza la kwake. Nani kaja na viatu viwili tofauti. Nani kamnunia nani. Bi Unga alikuwa akisaga huku anacheka peke yake, na siku ikaisha bila kujua imeishaje.

Kisha Mwalimu akaota uvimbe kooni. Madaktari walimpasua, wakautoa, akapona. Ila sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono tu, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

Nyumbani walielewana vizuri. Kinuni ndiko alikogeuka bubu. Akatafuta kopo la bati na kijiti: pigo moja koboa, mapigo mawili saga, matatu njoo upesi. Mwanzoni Bi Unga aliona ni mchezo. Miaka miwili baadaye alimwambia dada yake, "Mimi siku hizi nimeolewa na kopo," na utani ule ukamrudia mwenyewe ukamchoma. Kopo linaweza kusema koboa. Haliwezi kusema nani kamnunia nani.

Dada yake alikuwa muuguzi, mtu wa kusikia shida na kuitafutia dawa palepale. "Kuna eafoni zisizo na waya zinazozima kelele," alisema. "Unaziweka masikioni, Mwalimu anakupigia simu kutoka hapo barazani, unamsikia."

"Hatua kumi kutoka nilipo, anipigie simu?"

"Kwani hatua kumi hizo zimewasaidia nini miaka miwili?"

Bi Unga akauliza, "Bei yake?"

"Zipo za kutupwa na zipo za wafalme. Wewe chukua za katikati. Rahisi huwa ghali, na ghali nyingine ni jina tu."

Asubuhi ya siku ya mapumziko Bi Unga alijifuta vumbi, akavaa nguo yake nzuri, akaenda duka la simu. Muuzaji alikuwa binti wa miwani, mpole, mwenye kucha fupi kama za fundi. Alipomsikia mteja wake anataka nini, hakukimbilia kabati la juu lenye taa. Alivuta droo ya kati, akatoa vikasha vitatu, akavipanga mezani: kimoja cheupe, kimoja cheusi, kimoja cha rangi ya kijivu.

"Hizi zote bei zake zimekaribiana, mama. Zote zinazima kelele. Tofauti yake utaiona ukizivaa."

Bi Unga alichukua kimoja, akakifungua kwa ncha za vidole. Ndani mlilala vitu viwili vidogo kama mbegu za maharage. Akavipima kiganjani, yeye aliyezoea kupima kwa gunia. "Mwanangu, usinidanganye. Kitu kidogo hiki kitaziba vipi mlio wa mota mbili?"

"Hakizibi, mama. Kinaujibu."

"Kinaujibu?"

Yule binti akavuta karatasi na kalamu. Akachora mstari unaopanda na kushuka, kupanda na kushuka. "Mlio ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Humu ndani kuna maikrofoni ndogo inayousikiliza mlio wa nje. Mlio ukisukuma, spika hii inavuta. Mlio ukivuta, hii inasukuma." Akachora mstari wa pili juu ya ule wa kwanza, kinyume chake, kila mlima ukikutana na bonde. "Milio miwili ikikutana sikioni, haibaki na nguvu. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja huku, mmoja kule. Mlango hauendi popote."

Bi Unga aliitazama ile michoro. Akaitazama tena. Mkono wake ukaenda kinywani.

Alikumbuka akiwa mtoto wa miaka sita au saba, amelala juu ya magunia matupu, mashine zote mbili zikifanya kazi. Kuna wakati mlio ulikuwa unavimba hadi mbao zinatetemeka, halafu unanywea, unakuwa kama umekwenda mbali. Halafu unavimba tena, unanywea tena. Hakuna aliyegusa swichi. Alimuuliza baba yake, naye akajibu, "Mashine zinavuta pumzi." Miaka yote hiyo aliamini hivyo, na mpaka leo, akichoka, husubiri ile pumzi ipite ili ameze mate.

"Zinafutana," alisema polepole. "Mota zangu mbili. Hazizunguki sawasawa, moja iko nyuma kidogo ya mwenzake. Zikikutana zinasukuma pamoja, zikipishana zinafutana. Ndiyo hiyo?"

Muuzaji alivua miwani. "Ndiyo hiyo hasa, mama. Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nimelala ndani yake." Sauti yake, ile ya kuita mitaa mitatu, ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliyeingia mahali pa ibada. "Kumbe ukimya ulikuwa unapita masikioni mwangu tangu utotoni, na mimi nikadhani mashine imechoka!"

Alizijaribu eafoni zote tatu hapo dukani. Zote zilinyamazisha feni ya darini. Akatikisa kichwa. "Feni si kitu. Feni ni mbu. Kama unataka kuniuzia, njoo kinuni kesho mchana."

Muuzaji mwingine angecheka. Huyu alimuuliza tajiri wake, akaruhusiwa, na kesho yake saa ya mapumziko akafika kinuni na vikasha vitatu vya maonyesho ndani ya mkoba, kitambaa amejifunga puani. Wateja waliokuwa kwenye foleni hawakutaka kupitwa. Waliacha mizigo barazani wakasogea mlangoni. Mwalimu alikuwa kwenye mizani yake, simu mkononi, amekaa wima kama mwanafunzi siku ya mtihani.

Bi Unga aliwasha mashine zote mbili.

Zile nyeupe zilikuwa ngumu, hazina mpira wa kuziba. Mlio ulipungua kidogo tu, na Bi Unga alipoinama kushika gunia, moja ikachomoka na kuangukia kwenye pumba. Wateja wakaguna. Akaipuliza, akairudisha. "Hii inataka mtu wa kukaa kitini."

Zile nyeusi zilimkaa vizuri, na mlio ulipungua kweli, lakini zilimbana kichwa ndani kwa ndani, kama mtu aliyezama kwenye maji ya kina. Tena sauti ya simu ilipopita humo ilikuwa imesagika. Alisikia kwamba Mwalimu anajaribu simu kwa neno moja tu. Anasema nini, hakujua. Alizishikilia kwa muda, maana zilikuwa nzuri kwa sura. Halafu akazitoa.

Za kijivu zilikuwa na mipira laini ya saizi tatu. Muuzaji alijaribu ya kwanza, haikushika. Akajaribu ile ndogo kuliko zote, akaizungusha kidogo ndani ya sikio la Bi Unga, kisha akagusa ubavu wa eafoni mara moja kwa kidole.

Kishindo kikaondoka.

Hakikuisha chote. Ule mlio mwembamba wa punje zinazogonga chuma ulibaki, mbali, kama mvua juu ya paa la jirani. Lakini lile dubwana la chini, lile lililokaa kifuani mwake tangu azaliwe, lilivutwa kama zulia. Bi Unga aliutazama mkanda wa mashine: unazunguka. Akaitazama mota: inatetemeka. Akaweka kiganja juu ya bati la mashine na kuhisi nguvu yake yote ikimpanda mpaka kiwikoni. Mashine ilikuwa palepale, hai, inafanya kazi, na haikuwa na sauti ya kuogopesha. Alisimama hivyo, mkono juu ya bati, macho wazi. Watu mlangoni wakanyamaza, ingawa wao walikuwa wanasikia kila kitu.

Simu ya mfukoni mwake, ambayo muuzaji aliiunganisha na eafoni, ikalia masikioni mwake. Muuzaji akamwonyesha pa kugusa.

Pale barazani, Mwalimu alikuwa ameweka simu karibu kabisa na midomo. Miaka miwili alikuwa ameyaweka maneno, na sasa, zamu yake ilipofika, hakuwa nalo hata moja. Akatazama huku na huku. Mbele yake palikuwa na mfuko wa nafaka wenye maandishi ubavuni. Akayasoma, kama alivyokuwa akisoma ubaoni.

"Weka mahali pakavu," alisema. "Usitumie ndoano."

Mnong'ono ule uliingia katikati ya kichwa cha mkewe kama vile ameegemea bega lake. Alisikia hata pumzi aliyovuta katikati ya maneno. Mashine mbili zinasaga, watu ishirini wamejaa mlangoni, na mumewe ananong'ona, naye anasikia.

Bi Unga alikaa juu ya gunia. Machozi yalichora mistari miwili kwenye unga wa mashavu.

"Amesema nini?" wateja waliulizana. "Amemwambia nini Mwalimu?"

"Usitumie ndoano!" Bi Unga alipaza sauti huku analia na kucheka, na hakuna aliyeelewa, lakini wote wakapiga makofi.

Yule binti alikuwa mwaminifu. Kabla hajaondoka alimwambia, "Mama, hizi si kinga ya kazi. Mlio huu unakula masikio. Chukua vile vifuniko vikubwa vya masikio vya viwandani, uvivae juu yake. Vumbi lifute kila jioni kwa kitambaa kikavu. Na chaji yake haitashika siku nzima. Ukipumzika mchana, zirudishe kwenye kikasha." Bi Unga aliyafanya yote. Za kijivu akazinunua, na akamfungia yule binti unga laini kuliko wote, akakataa kusikia neno la hapana.

Basi kinu kikawa na maisha mapya. Mwalimu alinong'ona tangu asubuhi hadi kufunga. Alimwambia mkewe mvua imeanza upande wa pili wa barabara kabla harufu yake haijafika ndani. Alimwambia kijana wa duka la viatu amenyoa ndevu na anajuta. Wageni walipomwona mama mzima amevaa vitu vikubwa masikioni, anaangua kicheko mbele ya mashine, walinong'onezana kwamba vumbi limempanda kichwani. Hakujali. Mara nyingine Mwalimu alinyamaza tu, simu ikiwa wazi, na Bi Unga akamsikia anavyopumua. Alistaajabia hilo kuliko yote: kwamba kitu kidogo kama pumzi ya mtu kinaweza kupita katikati ya mota mbili bila kuguswa.

Wiki ya tatu akaja bibi mmoja, mteja wa tangu enzi za baba yake ambaye habari za koo la Mwalimu hazikumfikia, na mtama wake begani. Alipita mbele ya mizani akiwa amekaza shingo, akaingia ndani moja kwa moja, jambo ambalo wateja hawafanyi.

"Huyo mumeo," alimpigia Bi Unga kelele karibu kabisa na sikio, "miaka miwili sasa napita mbele yake, mtu mzima mimi, hafumbui kinywa kunisalimia. Mwalimu gani huyo! Aliwafundisha nini watoto wetu?"

Bi Unga alimtazama. Akavua kinga yake, akachomoa eafoni ya kulia, akaipangusa vizuri kwa upande safi wa kitambaa, akamwekea bibi sikioni.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alikuwa anasema. "Pole na mzigo. Leo umechelewa."

Bibi akaruka. Akageuka dirishani. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, midomo yake inakwenda.

"Marahaba!" bibi alipiga ukelele hata pumba zikaruka. Kisha, kwa wasiwasi: "Ulikuwa unanisalimia? Siku zote hizo?"

"Kila siku uliyopita, mama. Hata ile siku uliyoniita gogo."

Bibi alishika kinywa kwa mikono miwili. Akaomba radhi kwa sauti kubwa, akapewa kwa mnong'ono, akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Halafu, badala ya kurudisha eafoni, akavuta gunia tupu, akaketi, akaikinga kwa kiganja ili isianguke, na akaanza kuulizia habari za shule ya zamani, nani alikuwa mtundu, nani alikuwa na akili, na je, ni kweli mwanawe wa tatu alikuwa anaiba chaki?

Mwalimu akavuta pumzi, akaanza kumsimulia. Bi Unga, huku akimsagia mtama, kwa sikio lake moja alisikiliza pamoja naye. Hadithi ilipofika katikati, mtama wa bibi ulikuwa umekwisha kusagwa zamani.