Zamu ya Maji Ilipopangwa A Mpaka Z

Ninaandika haya kwa kila mama mwenye mtoto anayejua kompyuta, na kwa mtoto mwenyewe kama atapenda kusoma. Kabla hujabonyeza A mpaka Z, weka namba pembeni ya majina. Moja, mbili, tatu, mpaka chini. Kazi ndogo tu hiyo. Sisi hatukuifanya, na nusura nipoteze kitalu changu cha kabichi na rafiki yangu wa utotoni kwa mpigo mmoja.

Bustani zetu ziko huku juu Uluguru, mahali ambapo ukungu ukiondoka asubuhi unauona mji wa Morogoro wote, na bwawa la Mindu linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa majivu. Kiangazi tunamwagilia kwa mfereji mmoja. Unatoka mtoni, ukifika kwenye jiwe kubwa unagawanyika mikono miwili, mmoja upande wa korongo, mmoja upande wa misheni. Na zamu ya maji inaanzia chini, siyo juu. Mgeni akisikia hivyo anacheka. Lakini maji yakishalowanisha mfereji wote mpaka kwa mtu wa chini, anayemfuata kwa juu anaziba tu kwa udongo na majani ya mgomba, maji yanaingia kwake. Hakuna kinachopotea njiani. Zamu inapanda hivyo, mara korongoni, mara misheni kabla mkono ule haujakauka, inarukaruka kama mtu anayepanda ngazi kwa miguu miwili, mpaka kwa wa juu kabisa.

Zamani hakuna aliyeandika. Mama yangu, Apolonia, alikuwa anaitwa na mama yake rafiki yangu Martina, aliyelima chini yetu. "Apoloniaaa! Maji!" Mama anaacha jembe, anaitika, "Nimeyaonaaa!" Sauti zile zilikuwa zinapanda mlima toka bustani hadi bustani, na sisi watoto, mimi na Martina, tunatangulia mbio pembeni ya mfereji tuone kama tutafika kabla ya maji. Hatukuwahi kuyashinda. Mpaka leo nikisikia maji yanaingia kwenye majani makavu, ule mchakacho wake, nanusa ugali wa baridi na njegere, kwa sababu ndicho tulichokuwa tunakula pale kwenye jiwe.

Mwanangu Kristina amesomea hesabu za biashara, anafanya kazi kwenye duka la mbegu mjini na amepanga chumba Mafiga. Alipopanda Krismasi na laptopu yake, mwenyekiti wetu Petro akamwomba aiandike zamu ya mfereji, maana wakulima wapya wengi wamekodi bustani na hawajui wanamfuata nani. Mzee Deogratias, aliyeulinda mfereji ule toka ujana wake, akakaa kwenye benchi nje ya kanisa akamtajia Kristina, toka chini mpaka juu. Safu moja jina la anayelima sasa, safu ya pili jina la bustani. Huku kwetu bustani inabaki na jina la mwanamke aliyeichimba. Hata ikilimwa na mjukuu au mpangaji, bado ni kwa Mama Vinsensia, bado ni kwa Mama Skolastika.

Wakamaliza vizuri. Kisha akaja Fidelis, mwenye bustani ya juu kabisa, akachungulia.

"Mbona mimi mmenitupa mwisho? Mimi ni mtoto wa kambo?"

"Baba Fidelis, mwisho ndiyo juu," Kristina akamwambia.

"Wewe andika unavyotaka. Nikibandikiwa ukutani wa mwisho, mfereji nautengeneza peke yenu."

"Peke yetu utautengenezaje wewe?" Petro akauliza, watu wakacheka. Fidelis hakucheka.

Basi mtoto, kwa kutaka amani, akasema atapanga kwa alfabeti ili asiwepo wa kulaumiwa. Akabonyeza. Majina yakaruka yakajipanga, watu wakapiga makofi kama wameona mazingaombwe. Na mimi nilipiga makofi, tena kwa nguvu, maana mwanangu huyo.

Ilikuwa mvua, zamu haihitajiki, hakuna aliyeitazama tena ile orodha. Kwaresima Mzee Deogratias akafariki. Tukamzika, tukamlilia, na hakuna aliyekumbuka kwamba ameondoka na mpangilio wetu.

Kiangazi kilipoanza Petro akabandika karatasi kwenye mlango wa stoo. Yakobo, mwenye bustani ya chini kabisa, ambaye ndiye huanza, akajikuta wa mwisho. Aliyeanza ni Agata, katikati ya mlima. Maji yakashuka kwake, yakapandishwa kwa mwingine upande wa korongo, yakarudishwa misheni, na kila yanaporuka yanakuta mfereji mkavu, unayanywa. Zamu yangu ilikuwa karibu na juu ya karatasi, kwa sababu naitwa Felista. Yalinifikia kama mkojo wa mtoto. Nilikuwa na kitalu cha miche ya kabichi, majani yake yameanza kulala. Nikachota kwa ndoo toka mtoni mpaka mgongo ukakataa, na haikutosha.

Na bado nikasemwa. Martina, ambaye sasa analima bustani ya mama yake, alinikuta njiani.

"Hongera, mama wa mwenye kompyuta. Umepandishwa cheo."

"Martina, hata maji sikupata."

"Usiponipa shikamoo nisishangae. Wewe na Fidelis mko juu, sisi wengine tumezaliwa na herufi mbaya."

Aliongea akicheka, ila macho hayakucheka. Tangu tukiwa watoto wa kukimbiza maji hajawahi kunipita bila kuninyang'anya kitu mkononi, hata kipande cha muwa. Siku ile alipita.

Nikampigia Kristina. "Mwanangu, rudisha ilivyokuwa alivyotaja mzee."

"Mama, haiwezekani. Nilipanga, nikasevu, nikafunga. Ya mwanzo haipo. Ningeweka safu ya namba kabla, ningepanga kwa namba ikarudi. Sikuweka."

"Sasa?"

"Nitapanda Jumamosi. Kitalu kitafika Jumamosi?"

"Kikifika Jumapili kitakuwa kimejitahidi."

Jumamosi akaja na vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia ninakumbuka zamu, lakini ya upande wetu tu, ule mkono wa misheni. Wa korongoni anaukumbuka Martina, maana bibi yake alikuwa na bustani huko, alikuwa anatumwa. Kristina akasema twende kwake. Nikasema yeye atangulie. Akanishika mkono tukaenda wote.

Martina alikuwa barazani anamenya njegere.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Herufi imekosea nini tena?"

"Shikamoo Mama Martina," Kristina akasema, akapiga magoti pale pale na laptopu kifuani. "Nimeharibu mimi, siyo mama. Naomba mnisaidie."

Martina akasogeza ungo. "Kaa. Na wewe, kaa umenye, usinikodolee."

Nikakaa, nikamenya. Kristina akafungua safu mpya, akaandika moja. "Wa kwanza chini, bustani ya nani?"

"Mama Vinsensia," tukasema pamoja, mimi na Martina.

"Halafu?"

"Tunavuka korongo," Martina akasema. "Kwa bibi yangu. Pale palikuwa na mpera."

"Uliopanda ukakwama."

"Aliyekwama ni wewe. Mimi nilikwenda kuita watu."

"Ulikwenda kula mapera chini!"

Kristina akasubiri tumalize kucheka. Tukapanda hivyo, bustani kwa bustani, tukitaja wanawake ambao wote wako makaburini pale misheni. Yule aliyekuwa anaimba kwa Kilatini akipalilia. Yule aliyetupiga na ufagio kwa kukanyaga karoti zake. Aliyekuwa na sauti ndogo, mpaka mumewe anamwitia maji. Kila jina likapata namba yake. Mikono inamenya, mdomo unapanda mlima.

Tulipofika kwa Fidelis, Kristina akasema sasa tuangalie. Akaandika fomula, akatuonyesha. Inachukua jina la bustani, inakwenda kulitafuta kwenye orodha ile nyingine, ikilipata inarudi na jina la anayelima leo. Akaivuta na kidole mpaka chini. Pembeni ya Vinsensia akaja Yakobo. Pembeni ya Skolastika, mama yake, akaja Martina mwenyewe, akajipiga paja. Wafu wetu wakawa wanatuletea majirani, mmoja mmoja.

Kisha akahesabu, akakunja uso. "Kuna mtu kwenye orodha hana namba. Mmemruka."

"Nani?"

"Bustani ya Apolonia. Ni wewe, Mama."

Nilikuwa nimewataja wote nikamwacha mama yangu. Nadhani ni kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimekaa hapo hapo, kwenye bustani yetu, nikiwaangalia wengine. Nikafungua mdomo niseme, kisha nikaufunga. Nikijitajia mwenyewe nafasi, na mwanangu ndiye anaandika, nani ataamini? Kristina naye akaondoa vidole kwenye vibonyezo. Tukamtazama Martina.

Na Martina angeweza kusema lolote. Angeniweka mbali, baada ya Agata, hakuna ambaye angebisha. Miche yangu ilikuwa imelala chini kabisa.

Akamenya njegere moja, akaitupa kwenye ungo.

"Baada yangu," akasema. "Mama yangu ndiye alikuwa anamwita mama yake. Mnafikiri nimesahau ile kelele?"

Kristina akaingiza mstari, akapanga kwa namba, ndogo kwenda kubwa. Kisha, kabla hajafunga, akanionyesha safu ile ya namba, akasema, "Hii haiguswi, Mama. Hata Fidelis alie." Akaisevu mara mbili, moja akamtumia Petro kwenye grupu la wasapu.

Zamu ikaanza upya kesho yake, tulipotoka misa. Nilikaa kwenye kitalu na simu mkononi nikisubiri ujumbe wa grupu, roho juu, nikijiuliza kama Martina hajabadili mawazo. Simu haikulia.

"Apoloniaaa! Maji!"

Ile sauti ya mama yake, vilevile, inayopasuka mwishoni. Niliiweka simu kwenye majani nikasimama. Kristina akaniangalia, hajawahi kunisikia nikipiga kelele namna ile.

"Nimeyaonaaa!"