Ukuta wa Stoo

Jumamosi saa tatu asubuhi fundi simu alikuwa akibandika kioo kwenye simu iliyokanyagwa na gari, chai yake pembeni, simu yake mwenyewe ilipotetemeka. Katika kundi la Teknolojia na Mapenzi, lenye watu elfu nne, yeye ndiye Daktari. Huko watu huuliza habari za betri iliyovimba na mchumba aliyenuna kwa pumzi moja, na Daktari huwajibu wote.

"Mkuu, ile ya wiki jana imekubali, meseji za mke wangu nazisoma zote," aliandika mwanachama aliyeweka picha ya kufuli badala ya sura. "Sasa nataka kujua anakokwenda. Bila yeye kujua."

Daktari akampa hatua sita, akamalizia: "Penzi la kweli halina siri." Watu tisini wakamsifu. Sifa alizipenda, tusimfichie. Alipotuma, ukuta wa mbele wa nyumba yake ukawa kioo.

Wa chumbani ulikuwa kioo tangu wiki jana, naye alishatundika shuka. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara aliinua mkono.

"Jirani, chai inapoa!"

Daktari akainywa.

Saa sita aliingia mdogo wake wa kike na mfuko wa nguo, midomo imemkauka.

"Kaka, nifiche mpaka basi la jioni. Nilimwandikia mama kwamba naondoka. Jana mume wangu kanisomea yote, neno kwa neno, huku amenishika shingo."

Alama za vidole zilikuwepo, nne upande mmoja, moja upande wa pili. Daktari aliizima simu ya dada yake, akamwingiza stoo kwenye maboksi ya simu mbovu, chumba pekee kilichobaki na matofali.

Saa nane Kufuli akaandika: "Simu yake imezimika mtaa wa shemeji yangu. Nikibisha atanikana. Nitajuaje kama yumo ndani?"

Kwa mara ya kwanza Daktari hakujibu.

"Daktari leo kalala?" mmoja akauliza.

"Alishajibu hili zamani," akasema mwingine, akalibandika jibu lenyewe, na jina la Daktari chini yake.

Ukuta wa stoo ukawa kioo. Mdogo wake alikuwa amekaa juu ya boksi, akila mkate. Ng'ambo, kando ya cherehani, shemeji alitia simu mfukoni, akatazama kushoto na kulia, akavuka.

"Hodi, shemeji."

"Karibu," alisema Daktari, kwa kuwa mtu anayeonekana hawezi kujifanya hayupo. "Mwache apumzike hapa kwanza."

"Penzi la kweli halina siri, shemeji. Kuna daktari mmoja hutufundisha."

Dada akamgeukia kaka yake.

"Ulituambia maneno hayo hayo siku ya harusi yangu," alisema, kisha akachukua mfuko wake.

Daktari aliwaona mpaka kwenye kona, mkono wa mume ukiwa shingoni pa mke. Hapakuwa na cha kumzuia kuona.

Jioni fundi cherehani alikuja na futi kupima mapazia ya nyumba nzima. "Mganga hajigangi," alisema, akapanda kwenye stuli.

Simu ikatetemeka. Kufuli alikuwa ameshukuru: mke amerudi nyumbani. Chini yake, mwingine: "Mkuu, na wangu kabadilisha namba ya siri. Nisaidie."

Watu elfu nne walikuwa wakingoja. Daktari akaandika hatua sita, akatuma, akatazama pande zote. Ukuta haukuwa umebaki hata mmoja, kwa hiyo hakuna kilichotokea.