Magunia Kumi na Moja

Harufu ilimfikia Nzioka katikati ya mto Enziu, pale ambapo lori hulazimika kutambaa ili magurudumu yasizame mchangani. Mto haukuwa na tone. Mwaka ule wa themanini na nne, hata mashimo waliyochimba watu kutafuta maji yalikuwa yamekauka na kuanza kujifukia. Ilikuwa harufu kali, kama ya vitunguu saumu vilivyooza. Akajua. Alipovuka ng'ambo alizima injini, akapanda nyuma na kufunua turubai.

Mapipa manne ya dawa ya josho yalikuwa yamefungwa kwa kamba moja ya katani. Moja lilikuwa limelala ubavu, kizibo kimelegea, na dawa ilikuwa imechuruzika juu ya magunia ya mahindi ya msaada. Yaliyolowa yalikuwa kumi na moja. Alilisimamisha pipa kwa mikono mitupu, maana glavu hakupewa. Maji pia hakuwa nayo. Alijisugua viganja kwa mchanga mpaka ngozi ikawasha.

Asubuhi ile, mjini Kitui, alikuwa amesema. Mutunga, mwenye lori, alikuwa na tenda mbili za serikali: kupeleka chakula cha njaa na kupeleka dawa ya kuua kupe kwenye majosho.

"Mzee, sumu haikubaliwi kwa gari moja na chakula," Nzioka alimwambia. "Na lazima kuwe na bango la hatari, mbele na nyuma. Tulifundishwa."

"Na nani?"

"Watu wa wizara. Walitukalisha siku nzima."

"Hao wa wizara ndio wataweka dizeli ya kwenda Nuu mara mbili?" Mutunga hakuinua macho kutoka kwa karatasi zake. "Hapo nje kwa geti kuna madereva sita wanaota jua. Wewe umeendesha miaka mingi, Nzioka. Labda umechoka."

Kweli alikuwa amechoka. Lakini kule Mbooni kulikuwa na mke na watoto wanne, na shamba ambalo halikuwa limetoa hata punje tangu mwaka uliopita. Alipanda akawasha lori.

Sasa, Nuu, watu walikuwa wameketi kwenye vumbi mbele ya ofisi ya chifu. Wengine walikuwa wamelala hapohapo tangu juzi. Lori liliposimama hawakushangilia. Waliinuka tu taratibu, wakishikana mabega. Nzioka alimtafuta Chifu Musembi, akamweleza yote bila kuficha.

"Magunia mangapi?"

"Kumi na moja, chifu. Hayo yasiguswe. Hata kuku asipewe."

Chifu aliwatazama watu, akamtazama tena dereva. "Wewe unajua nimewaambia nini hawa? Nimewaambia leo watakula."

"Yale makavu wagawiwe. Haya yabaki."

Yaliyolowa yakashushwa kando, karibu na gurudumu la nyuma. Makavu yakagawanywa kwa debe, na hayakufika hata nusu ya watu. Mwanamke mzee aliyeitwa Muthoki, ambaye mahindi yalikuwa yameisha zamu yake ilipofika, alimjia Nzioka na kikapu kitupu.

"Na haya ni ya nani?"

"Mwaitu, mama yangu, haya yameingiwa na dawa ya kupe. Yanaua."

"Nitayaosha."

"Haioshiki, mwaitu."

Muthoki alikiweka kikapu chini. "Nina wajukuu watatu nyumbani," alisema. "Hao nao njaa yao itaoshwa na nini?" Hakusema kwa hasira. Alikaa chini palepale, na wanawake wengine wakakaa pamoja naye.

Chifu alikuwa amepeleka habari kwa redio ya polisi. Alasiri ikafika Land Rover kutoka Kitui, na Mutunga akiwa ameketi kiti cha mbele. Koplo mmoja mrefu alilizunguka lori mara mbili, kisha akafungua daftari.

"Dereva ni nani?"

"Ni mimi."

"Bango la hatari liko wapi?"

"Sikupewa. Niliuliza."

"Glavu? Maji? Sabuni?"

"Sikupewa, afande."

"Sumu na chakula ndani ya gari moja. Unajua hiyo ni makosa?"

"Najua. Nilimwambia mzee mwenyewe, leo asubuhi." Nzioka alinyoosha kidole kwa Mutunga.

Mutunga alitikisa kichwa kwa huzuni, kama baba aliyekosewa na mwana. "Koplo, mimi nilimwambia abebe mahindi peke yake. Mapipa ni ya wiki ijayo. Huyu alitaka kumaliza kazi haraka."

"Karatasi ya mzigo ina sahihi ya nani?" koplo aliuliza.

Ilikuwa na sahihi moja tu, ya Nzioka. Koplo aliandika taratibu, akizitaja sheria moja baada ya nyingine, na kila aliyoitaja ilikuwa ya kweli. Ndizo zilezile Nzioka alizomsomea tajiri wake asubuhi, na sasa zilikuwa zinasomwa juu yake.

Alitiwa pingu, mikono ikiwa bado inawasha, akapandishwa nyuma ya Land Rover. Magunia kumi na moja yalikuwa sasa ushahidi, na ushahidi hauachwi nje. Askari wawili waliyashika kwa ncha za vidole, wakayakokota moja moja hadi stoo ya chifu. La tatu likachanika kwenye jiwe. Hawakusimama kuliziba. Waliendelea kulivuta, na nyuma yake ukabaki mstari mrefu wa punje za manjano, zilizolowa, kutoka kwenye gurudumu mpaka mlangoni.

Muthoki ndiye aliyepiga magoti kwanza.

"Koplo, wazuie," Nzioka alisema. "Tafadhali. Wazuie wale akina mama."

Koplo, aliyekuwa akimsainisha Mutunga karatasi ya kuachiliwa kwa lori, hakugeuka. "Tulia, mzee. Utasema kortini."

Land Rover iliwashwa. Kupitia wavu wa dirisha Nzioka aliwaona wanawake wamefuatana kwenye ule mstari, wameinama, wakiokota punje mojamoja na kuzipuliza vumbi kabla ya kuzitia kikapuni.