Walaji wa Oili

Ngumbao alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, amekinga chupa ya jemu mdomoni mwa bomba la kutolea maji ya uwanja. Mvua ya kwanza ya masika ya mwaka 1993 ilikuwa ikiipiga gereji ya Mbarak, pale Changamwe. Mama Dhahabu, dobi wa jirani, alikuwa amemsimamia, mikono kiunoni. Mwaka mzima oili ya gereji ilikuwa ikielea kisimani mwake, nguo za watu zikitoka na mabaka. Yeye na Mbarak walikuwa wamekubaliana: maji yakitoka machafu leo, gereji inahama, na kazi ya Ngumbao ya kufagia inakwenda nayo.

Lakini kufagia kulikuwa sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Mwalimu mmoja wa ufundi alikuwa amewaonyesha watu wa gereji kuutandika uwanja matofali yenye mianya, chini yake kokoto na mchanga, akamwambia Ngumbao kwamba humo watakaa vijidudu visivyoonekana, vinavyokula oili. Wenzake walimcheka. Yeye akavilea. Kila Ijumaa alivinyunyizia maji ya mbolea ya kuku na kuviuliza hali, wala hakuona haya.

"Yaja hayo," alisema Mama Dhahabu.

Maji yakatoka. Ngumbao aliinua chupa: maangavu, bila hata utando. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, tope limemjaa ndevuni. Mama Dhahabu alichovya kidole, akakinusa, akakifuta kwenye leso yake.

"Hayana kitu," alisema, kama mtu aliyenyang'anywa ugomvi wake.

Mbarak alikuja mbio chini ya mwavuli. "Umeona, Ngumbao? Ile dawa ya kusafishia niliyokupa jana ni kali, wallahi. Imeua kila kidudu uwanjani. Kesho nanunua galani nzima."

Ngumbao aliishusha chupa. Dawa ile ilikuwa stoo, haijafunguliwa. Akinyamaza, sifa na kazi vingebaki vyake. Lakini galani ya kesho ingevimaliza vyote.

"Bwana Mbarak, niwie radhi. Sikuimwaga, nilikudanganya. Hivyo vidudu ndivyo vilivyoila oili."

"Kwa hivyo vi hai?"

"Vi hai, bwana. Hapo hapo uliposimama."

Mbarak aliitazama chupa. Kisha akatazama chini, miguuni pake. Alivua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akavishika mkononi, akarudi ofisini juu ya matofali akikanyaga kwa ncha za vidole.