Jimbo la Kuandika Mlangoni

Kwa maneno ya Gaylen Schrag, jirani wa akina Voth, kulikuwa na mtu upande wa kaunti ya shemeji yake, mvunaji wa kuzunguka kama wao, aliyejipatia kampuni ya Wyoming akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi. Alipiga simu kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, na nusu ya pili ilipomalizika kampuni ilikuwa imeshazaliwa. Wyoming yenyewe mtu huyo hajawahi kuikanyaga. Baadaye kombaini yake, ile mashine ya kuvunia, ikaunguza shamba la watu, akashtakiwa, wakaja nyumbani kwake kutafuta cha kuchukua. Nyumba? Ya kampuni. Lori? La kampuni. Buti alizovaa? Hizo nazo.

"Hata mbwa alikuwa wa kampuni," Gaylen alisema, akiuma mkate wa tatu wa kabichi na nyama pale jikoni kwa akina Voth. "Wakamwangalia mbwa, mbwa akawaangalia, wakaenda zao."

"Na mwenyewe yuko wapi siku hizi?" Twila aliuliza.

"Nani, mbwa?"

Dell, kaka yake Twila, alicheka mpaka akashika meza. Baba yao, Orrin, hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake cha kahawa taratibu, kama mtu anayefungua parafujo iliyoshika kutu.

Habari ile ilimwingia kwa sababu. Msimu uliopita beringi ya kombaini yao ilipata moto ndani ya ngano ya watu huko Nebraska. Waliuzima kwa mabuti na kwa maji ya kunywa, ikaungua pembe ndogo tu ya shamba, lakini tangu siku ile Orrin alikuwa halali vizuri. Moto ule ungeshika upepo, nyumba yao ya Kansas ingekwenda pamoja na ngano ya yule bwana. Basi akakata shauri: vuli akinunua kombaini mpya, ataiandika kwa jina la kampuni, ile ya namna ambayo ikianguka, deni haliwafuati wenyewe mpaka kitandani. Wenyewe watakuwa watatu, yeye na wanawe wawili, kila mmoja na kura yake. Kilichobaki ni kuchagua iandikishwe jimbo gani.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza, maana akina Voth ni watu wa kufuata ngano. Ngano huiva kusini kwanza, kisha kuiva huko hupanda kaskazini polepole, nao hupanda nayo na kombaini zao na malori yao na nyumba yao ya kukokotwa: Oklahoma, Kansas, Nebraska, mpaka Montana karibu na mpaka wa Kanada, mwezi wa nane. Popote Orrin aliposimamisha ile nyumba ya magurudumu, jioni angesema, "Twendeni nyumbani." Mtu wa hivyo ukimwuliza kwake ni wapi, mpe muda.

Twila mwenyewe alishajibu moyoni. Kansas. Tangu mama yao afariki, yeye ndiye aliyepikia kundi zima katika jiko lisilotosha watu wawili kupishana. Hakulalamika, hakuwa mtu wa kulalamika, aliangalia tu. Aliona baba yake anavyoshuka kwenye ngazi ya kombaini kwa kutanguliza mguu ule ule mmoja. Aliona kiti cha baraza lao la Kansas kinavyomaliza mwaka bila mtu. Akawaza kwamba kampuni ikiwa ya Kansas, karatasi zitakuja Kansas, shughuli zitakuwa Kansas, na mzee naye mwishowe atakaa Kansas, kwenye kile kiti, na yeye Twila atamwona kila siku akichungulia dirishani. Hakumwambia mtu. Alingoja waulize.

Walikwenda kwa mwanasheria wao, Mama Reimer, mwenye ofisi juu ya duka la vipuri. Alimsikiliza Dell akisimulia habari za kinyozi na mbwa mpaka mwisho, maana alikuwa mama mwenye adabu.

"Kampuni ni kama mtoto," alisema. "Unaweza kumzalia popote. Lakini akiwa analala kwako na kula kwako, kwenu watataka kumjua. Mkiizalia Wyoming, Kansas itasema huyu mgeni anayeshinda hapa ajiandikishe na hapa pia. Mtalipa kule, mtalipa na huku. Gaylen hakuwaambia hilo?"

"Gaylen alikuwa anakula," Twila alisema.

"Na jambo jingine. Jimbo lolote mtakalochagua, lazima mumtaje mtu wa huko huko, mwenye mahali pa kukaa panapojulikana, si sanduku la posta, apatikane saa za kazi. Siku mtu akiwashtaki, huyo ndiye anayepokea karatasi kwa niaba yenu."

Orrin, aliyekuwa anaangalia nje muda wote, aligeuka. "Mtu wa namna gani?"

"Mtu mzima yeyote anayekaa hapo."

"Hata mwanamke?"

Mama Reimer alivua miwani. "Orrin, mimi ninayekuambia haya ni nani?"

Mzee aliona haya, akatazama kofia yake. Walipoteremka ngazi alisema watafikiria, wavune kwanza. Twila aliiona haya ile akaiweka akiba, kama mtu anayeokota skrubu sakafuni bila kujua imetoka kwenye mashine gani.

Dell hakungoja kufikiria. Alikuwa kijana mwenye moyo mzuri na mikono ya haraka, na hadithi ya Gaylen ilikuwa imemkaa kichwani. Kabla hawajavuka kwenda Nebraska alinunua herufi nyeupe za kubandika, akazipanga kwenye milango ya malori yote mawili: VOTH NA WATOTO, WYOMING.

"Kampuni yenyewe hata haijaandikishwa," Twila alimwambia.

"Nimetangulia tu. Si utaona."

Walichokiona walikiona Nebraska kwa mkulima mzee Kucera, ambaye akina Voth wamemvunia tangu enzi za baba yake. Alikuja getini, akasoma mlango wa lori, akarudi nyuma akausoma tena.

"Mimi nawangoja watu wa Kansas," alisema.

"Ndio sisi, mzee," Dell alijibu.

"Watu wa Kansas wanajua ngano. Wyoming wanajua ng'ombe. Mmekuja kuvuna au kuchunga?"

"Mzee, unanijua tangu nilipokuwa mdogo."

"Namjua mtoto wa Orrin, wa Kansas. Wewe wa Wyoming sijui ulitokea wapi."

Alisema kwa mzaha, lakini ufunguo wa geti ulikaa mfukoni mwake mpaka umande ulipokauka kabisa na saa nzuri za kuvuna zikaanza kupotea. Katika kazi ile mtu habebi barua ya sifa. Sifa yake ni kule alikotoka na jinsi baba yake alivyoacha shamba la mtu lilivyo safi. Jioni Twila alichukua maji ya moto na kisu cha siagi, akaibandua Wyoming herufi kwa herufi, Dell akimshikia taa ya mkononi. Ikabaki VOTH NA WATOTO, kisha koma, kisha kovu la gundi.

"Haya, iwe Kansas," Dell alisema mwishowe. "Nimekoma. Kesho nabandika Kansas."

"Mwulize Baba kwanza."

Walimwuliza wakati anakula. Orrin alitafuna, akameza, akasema, "Acheni pawe wazi mpaka tufike Montana." Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo lisilohusika, "Twila, zile plamu za mchangani ulishazichemsha?"

Alikuwa amezichemsha zikawa jamu kabla hawajaondoka Kansas, kama kila mwaka, na kila mwaka baba yake aliweka chupa moja kando akiifunga kwa taulo isivunjike njiani. Twila alidhani ni ya mkulima. Safari hii, akiosha vyombo, alianza kukumbuka wakulima wao wa Montana mmoja mmoja, na hakumkumbuka hata mmoja aliyewahi kushukuru kwa jamu.

Walifika Montana, ngano ikiwa imekauka vizuri na anga limekaa juu sana. Twila akaangalia. Katika majimbo mengine yote baba yake hukaa kwenye kombaini, na mtu akimwomba amkabidhi usukani hukunja uso. Montana, kama mwaka uliopita na wa kabla yake, alisema mgongo unamsumbua, akampa Dell kombaini, akachukua lori. Lori linarukaruka kuliko kombaini. Mgongo gani huo unaopona kwenye lori? Tena alikuwa amenyoa ndevu.

Lori hubeba ngano mpaka kwenye maghala ya ushirika mjini. Pale kuna mizani ya kupimia malori, na kibanda, na ndani ya kibanda hukaa Arvilla Tollefson. Ni mama mjane, mrefu, mwenye sauti nzito ya kwenye redio, anayejua dereva kwa mlio wa injini. Lori huingia limejaa, analipima. Linakwenda kumwaga, linarudi tupu, analipima tena. Tofauti yake ndiyo ngano. Kwa hiyo kila mzigo mmoja humkutanisha dereva na Arvilla mara mbili. Twila alipolifikiria hilo, ile skrubu aliyoiokota ikapata tundu lake.

Alitaka kukasirika. Alijaribu siku nzima, akikata vitunguu kwa nguvu, lakini hasira haikushika. Kila alipoianza, alimwona baba yake akitembea toka kwenye lori akipiga mluzi, mguu ule mmoja ukisahau kutangulia.

Usiku ule Dell aliweka kijiko chini. "Baba, Montana ndiyo hii. Nasema Kansas. Wewe?"

"Montana," Orrin alisema.

"Kwa sababu gani? Karatasi za kule na za huku, Mama Reimer kasema. Na mpokeaji tutamtoa wapi? Huku tunamjua nani?"

Orrin alichukua mkate ambao hakuuhitaji.

"Kura moja kila upande," Dell alisema. "Twila?"

Wote wawili walimtazama. Ndiyo siku aliyokuwa akiingoja, na jibu alikuwa nalo tangu baridi. Alikiona kile kiti cha barazani. Akamwona na baba yake, mkate mkononi.

"Nitasema kesho," alijibu.

Kesho yake alifunga mikate kwenye kitambaa akapanda lori upande wa abiria. Orrin alishangaa lakini hakuuliza. Chupa ya jamu ilikuwa katikati yao, ndani ya taulo, kama abiria wa tatu.

"Umeshamwomba?" Twila aliuliza walipoliacha shamba.

"Nani?"

"Baba."

Mzee alibadilisha gia. "Naanza kila mwaka," alisema. "Nasema habari za unyevu wa ngano. Yeye anasema habari za unyevu wa ngano. Lori la nyuma linapiga honi."

"Kampuni ikiwa ya huku, wewe utakuwa wa wapi?"

Hapo alimtazama mwanawe, kisha barabara. "Ndiyo maana nimenyamaza, mwanangu. Sikutaka uone nakuacha na nyumba ya mama yako."

Twila alitazama mabua mafupi yakipita dirishani. "Kile kiti cha barazani kinakokoteka," alisema. "Kura yangu ni hii: ukipata mpokeaji, ni Montana. Ukikosa, ni Kansas, na ndevu zako unyoe hata ukiwa kule."

Orrin alicheka kwa puani, akajifuta jicho kwa kiganja, akasingizia makapi.

Kwenye mizani Arvilla alifungua dirisha la kibanda. Alimwona Twila, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akainama kusoma mlango. "Orrin, hapa baada ya koma mmeandika nini mkakifuta?"

"Wyoming."

"Nani aliwadanganya?"

"Jirani."

"Na sasa mnaandika nini?"

"Ndilo lililonileta." Orrin alizima injini, jambo ambalo hakuna dereva anayelifanya juu ya mizani. Alishika usukani kwa mikono miwili. "Tunafanya kampuni. Sheria inataka mtu wa huku. Mwenye nyumba. Anayekuwepo."

"Wa kufanya nini?"

"Kupokea karatasi."

"Unaniomba niwe sanduku la posta?"

"Wamekataa sanduku la posta."

Twila aliuma mdomo ndani, akatazama magoti yake. Lori lililokuwa nyuma lilipiga honi. Orrin hakugeuka.

"Niseme vizuri," alisema. Alichukua ile chupa akaifungua taulo, akampitishia dirishani. "Arvilla, mpokeaji lazima awepo. Na mimi ningependa niwepo. Ngano ikiisha, wengine wakishuka kusini, mimi nibaki hapa. Kwako, kama utanitaka. Karatasi ni karatasi tu."

Arvilla alikuwa ameshika chupa, kidole gumba juu ya kifuniko. Alimtazama Twila kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama baba yake, na Twila hakuyakwepa macho yake. Alimsogezea kitambaa cha mikate, yenye moto bado. Honi ikalia tena.

"Kamwage ngano," Arvilla alisema. "Watu wanangoja."

Walikwenda wakamwaga. Ngano iliporomoka kwa mlio wa mvua juu ya bati, vumbi likawafunika wote wawili. Orrin alivua kofia, akaivaa, akaivua. Kisha wakazunguka maghala na lori lao tupu, jepesi, likirukaruka, wakapanda tena juu ya mizani na kusimama.

Dirisha la kibanda lilikuwa limefungwa. Ndani, nyuma ya kioo, Arvilla alikuwa amewapa mgongo, chupa ya jamu iko wazi mezani, naye anatafuta kitu kwenye droo, labda kijiko. Orrin alizima injini.