Bima ya Kazi Asiyokuwa Nayo

Nozuko Dyantyi alikanda unga kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia, uliobabuka kwa mafuta ya moto, aliufunga kitambaa akaukumbatia kifuani, na kila donge lilipomganda kwenye vidole vya kushoto alisonya. Baridi ya mji wa Komani ilikuwa inauma hadi kwenye meno. Mtungi wa gesi ulikuwa umeanza kukohoa, dalili ya kuisha. Amagwinya, yale maandazi yake ya kukaanga, yalipoiva yalitoka madogo, na yeye mwenyewe aliyaona madogo.

Wanafunzi nao waliyaona.

"Mama, haya ni magwinya au vifungo vya koti?" msichana mmoja aliuliza pale kwenye geti la shule.

"Kamuulize aliyepandisha bei ya mafuta," Nozuko alimjibu, akampokea sarafu.

Kengele ilipolia alifunika beseni, akamwachia jirani yake muuza machungwa, akapanda mjini kwa miguu.

Mwaka uliotangulia upepo ulikuwa umeng'oa paa la nyumba yake na kwenda kulitupa kwenye uwanja wa kanisa. Akakopa kwenye kampuni moja ya mikopo iliyopo barabara kuu, jirani na duka la majeneza, akaezeka upya. Hakuwahi kuruka mwezi. Alipoungua na kushindwa kukaanga kwa wiki kadhaa, alipiga simu makao makuu kuomba wamvumilie. Kijana aliyepokea alimwambia kwa sauti ya furaha kwamba asihangaike, mkopo wake una bima. Mtu akipoteza kazi, bima inamlipia. Nozuko hakuwa na habari ya bima yoyote, lakini alimshukuru Mungu, akatuma kila walichomtaka atume. Jibu likaja kwa ujumbe wa simu: ombi limekataliwa, kwa kuwa mteja hana mwajiri, na asiye na mwajiri hawezi kupoteza ajira.

Aliposoma mara ya kwanza alidhani hajaelewa. Aliposoma tena akajisikia kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula wakati tonge limeshashuka. Karibu robo ya kila walichomkata, tangu siku ya kwanza, ilikuwa inakwenda kwenye bima hiyo.

Ofisini benchi lilikuwa limejaa. Zimkhitha, karani aliyempa ule mkopo, alimwona akamwita kwa heshima kwa jina la ukoo wa baba zake, MamBhele. Walikuwa wanasali kanisa moja; Nozuko na mama yake Zimkhitha walivaa sare moja ya akina mama, kabla kisukari hakijamkata mama yule mguu.

"MamBhele, karibu. Pole na mkono."

"Mkono utapona. Nimekuja kwa ajili ya bima."

Tabasamu la Zimkhitha lilibaki mahali pake, ila macho yaliruka hadi kwenye mlango wa kioo nyuma yake.

"Bima imo kwenye mkataba, mama. Ulisaini."

"Nilisaini pale ulipoweka kidole. Nikakuuliza, hii ni ya nini? Ukasema ni ya kufanya mkopo utoke haraka."

"Hilo silikumbuki, mama."

"Mimi nalikumbuka. Binti, umekula magwinya yangu tangu huna meno ya mbele. Unajua ninachofanya. Nani angenifukuza kazi, beseni?"

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Zimkhitha akainama karibu. "Punguza sauti, MamBhele. Nakuomba."

Mlango wa kioo ukafunguka. Meneja, Bwana Fatyela, alikuwa mwanamume mnene mwenye manukato yaliyomtangulia. Alimshika Nozuko bega, akamwingiza ofisini, akamvutia kiti, akaagiza aletewe maji. Alimsikiliza hadi mwisho huku akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama yangu, umeonewa," alisema. "Nitakurudishia yote. Ndani ya wiki hii."

Nozuko hakutegemea hilo. Aliweka glasi chini.

"Nitaandika maelezo mafupi, wewe unasaini tu. Kwamba mfanyakazi wetu Zimkhitha alikuwekea bima bila kukuambia, kinyume na taratibu za kampuni."

"Halafu yeye?"

"Halafu utaratibu unafuata."

"Utaratibu ndio nini, mwanangu?"

"Ataondoka." Alisema hivyo kama anayezungumzia balbu iliyoungua.

Nyuma ya kichwa chake kulikuwa na ubao mweupe wenye majina ya makarani wote, na mbele ya majina hayo nyota za karatasi. Juu yake kumeandikwa kwa herufi kubwa: KILA MKOPO NA BIMA YAKE. Zimkhitha alikuwa na nyota nyingi. Karani mmoja jina lake lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, hana hata moja.

"Ule ubao nani aliuandika?"

Fatyela aligeuka, akacheka kidogo. "Ule ni wa kuwapa moyo vijana."

"Basi andika na hilo. Andika kwamba ninyi ndio mliowaambia. Nitasaini sasa hivi."

"Mama, tunazungumza habari ya hela zako. Usiniletee siasa."

Nozuko alimtazama. Hela aliitaka; usiku uliopita alikuwa ameshaipangia gesi, unga na dawa ya mkono. Na Zimkhitha hakumwonea huruma sana, maana angemwonea vipi mtu aliyemwita mama huku anampapasa mfuko? Kilichomtia kinyaa ni huyu, na maji yake ya kunywa, na huzuni yake ya kuazima. Akisaini, atakuwa dodoki. Bwana huyu atajisugulia, kisha amtupe yeye na yule binti pamoja.

"Sisaini."

"Basi bima inabaki, hadi mkopo uishe."

"Nitakwenda kushtaki kwingine."

"Nenda, mama. Foleni yao ni ndefu kuliko yetu." Akasimama, akamfungulia mlango kwa adabu.

Zimkhitha alimfuata hadi nje barabarani. Kioo kile hakikuzuia sauti. Alikuwa amesikia yote, na macho yalikuwa yamemvimba.

"MamBhele, sijui nikushukuru vipi. Pale nyumbani ni mimi peke yangu. Mama, watoto—"

"Usinishukuru. Acha tu."

"Niache nini?"

"Kuwawekea watu hiyo bima."

"Ndiyo, mama." Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. "Ndiyo, mama, nimesikia." Akarudi ndani.

Nozuko alibaki kibarazani akikaza kitambaa kwa meno, maana maumivu yalikuwa yamepanda hadi kwenye kiwiko. Mlango ulikuwa umeegemezwa tofali ukae wazi. Ndiyo maana aliisikia sauti ya Zimkhitha, laini, isiyo hata na mkwaruzo wa kilio, ikimwita mtu tata, yaani baba.

"Na hapa, tata. Hii ni ya kulinda mkopo wako."

Alirudi ndani. Mbele ya Zimkhitha alikaa mzee mwenye koti kubwa la kijeshi, kalamu mkononi. Nozuko aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya karatasi.

"Samahani, tata. Unafanya kazi wapi?"

Mzee alimwangalia kwa mshangao. "Kazi? Mimi nala pensheni, mwanangu."

"Basi muulize huyu binti. Hiyo ni bima ya kufukuzwa kazi. Muulize utafukuzwa kazi gani."

"MamBhele, tafadhali," Zimkhitha alisema bila kuinua uso. Mlinzi alisimama kutoka kwenye kiti chake, lakini hakusogea.

Mzee aliitazama karatasi, akamtazama Nozuko, kisha Zimkhitha.

"Nikiikataa, mkopo unatoka leo?"

Zimkhitha aligeukia kompyuta. "Mfumo ukiona hakuna bima, ombi linapelekwa makao makuu, tata."

"Linakaa huko kwa muda gani?"

"Siwezi kujua."

Mzee alipumua kupitia puani. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika.

"Mke wangu yuko mochwari," alimwambia Nozuko, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Tunazika Jumamosi. Watu wametoka hadi Cape Town. Unasema kweli, mwanangu, naona unasema kweli. Lakini toa mkono."

Nozuko akautoa mkono.

Mzee akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, ncha ya ulimi ikiwa imetokeza.

"Na hapa pia?"

"Na hapo pia, tata," Zimkhitha alisema.