Mikunjo Kwenye Kamba

Raundi ya pili ya kuvuta kamba tulishindwa, na kusema kweli sikujali. Ya kwanza tulishinda sisi, Upande wa Mto, kwa hiyo ya tatu ndiyo ingeamua. Watu wakailaza kamba chini, wakaenda kunywa pombe ya mchele na kupasha vidole kwenye pipa la moto. Mimi nilibaki nimesimama na baridi yangu, kwa sababu kamba, iliyosokotwa kwa majani ya mpunga, ilikuwa imefanya kitu ambacho majani hayafanyi.

Ilikuwa na mikunjo. Kuanzia kwenye kile kigingi kikubwa cha mti kinachounganisha kamba yetu na ya Upande wa Mlima, hadi mbali huko nyuma, majani ya juu yalikuwa yamejikusanya kama soksi iliyolegea mguuni.

Naitwa Tak Geum-ju, na kazi yangu ni kukata vitu. Kiwandani kwetu mjini wananiletea waya, naubana juu na chini kwenye mashine, mashine inauvuta mpaka unakatika, halafu nasema kama unafaa au haufai. Nimeifanya kazi hiyo tangu kabla binti yangu Bo-min hajazaliwa, na wakwe zangu mpaka leo wanadhani naenda kucheza. Haya, wacha wadhani. Ila ninachokijua nakijua. Kila kitu ukikivuta kinarefuka, hata chuma, hata kama jicho halioni. Suala ni kwamba ukiacha kuvuta, kinarudi au hakirudi? Raba inarudi. Majani yaliyosokotwa hayarudi. Yanateleza moja juu ya jingine, yanarefuka, yanabaki hivyo hivyo. Ndiyo maana kamba yetu jioni huwa ndefu na nyembamba kuliko ilivyokuwa asubuhi. Ikichoka inalia kwanza, inanyofoka kidogo kidogo, na kila mtu anapata nafasi ya kukimbia. Hapa Galmoe hakuna aliyewahi kuumizwa na kamba zaidi ya kuangukia makalio.

Sasa mikunjo ile ilikuwa inaniambia kwamba nje hapakurudi, ila ndani pamerudi. Maana yake ndani kulikuwa na kitu kingine.

Nikaenda kumtafuta shemeji. Ma Sang-pil ni kaka wa marehemu mume wangu, na ndiye fundi mkuu wa kamba, yeye anayesimamia kuisokota kila mwaka kabla ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka. Mume wangu alipofariki Bo-min hajaota hata jino, na huyu ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyesimama shuleni mahali pa baba. Mtu kama huyo siwezi kumsema vibaya nikafurahi. Nilimkuta nyuma ya trekta anavuta sigara aliyoapa kwamba ameiacha.

"Shemeji, ndani umeweka nini?"

"Ndani ya nini?"

"Usinizungushe. Ndani ya kamba."

"Majani. Nini tena?"

"Majani gani yananyooka na kurudi? Nimeona mikunjo."

Akaitazama sigara yake kama vile si yake. "Mashine za kuvunia siku hizi zinakatakata majani yote," akasema. "Nimezunguka vijiji vyote, majani marefu hakuna. Ulitaka nisokote nini, nywele zangu?"

"Umeweka nini?"

"Kamba ya meli. Ya nailoni. Nilipewa bandarini. Geum-ju, ile inafunga meli, itashindwa na wakulima?"

"Kabla hujapewa ilikuwa wapi?"

"Nje. Juu ya paa la ghala."

"Kwa muda gani?"

"Sikuuliza."

Hapo hasira zilinipanda hadi masikio yakawa moto. Jua linakula nailoni, hata mtoto aliyeacha ndoo yake ya plastiki uani analijua hilo.

"Nisikilize," nikamwambia. "Nguvu ni ile ile, lakini inagawanywa kwenye unene. Ukiigawa kwenye kamba nene kuliko kiuno chako, kila jani linabeba kidogo. Majani yako yameshateleza, hayabebi kitu tena. Umati wote ule unaning'inia kwenye kamba nene kama mkono wangu, na imeoza kwa jua."

"Basi itakatika, tutaanguka, tutacheka, tutaenda kula."

"Nailoni haikatiki kwa kucheka. Inavyorefuka inaziweka nguvu zote ndani yake. Siku ikikatika inazirudisha kwa mpigo mmoja, na inamrudishia aliye karibu. Nimeona kipande kinatoboa bati la mashine yangu. Pale kwenye kigingi amesimama nani, shemeji?"

Alijua. Alikuwa Bo-min, na bendera ya Upande wa Mto mkononi. Tangu kijiji kiwe kijiji, bendera ile hawajawahi kumpa msichana, na aliyempigania apewe ni baba yake mkubwa huyu huyu.

"Raundi moja tu," akasema, na sauti ilikuwa imekauka. "Mto ukishinda mpunga unakubali, wote wanaamini hivyo. Mwaka jana Mlima walishinda, tufani ikaulaza wote chini. Nikienda pale kusema nimetia nailoni kwenye kamba ya mwezi mpevu, uso wangu nitauweka wapi? Raundi moja, nakuomba."

Nilikuwa bado nafungua mdomo wakati upatu ulipolia. Mkuu wa kijiji alikuwa ameona baridi, akaamua asisubiri mtu.

Tulitoka mbio. Nilipofika uwanjani kamba ilikuwa imeshainuka kutoka chini na imenyooka. Pande zote mbili zilikuwa zimelalia nyuma, visigino vimezama kwenye matope. Kamba ya majani ikivutwa inakoroma. Hii ilikuwa inatoa sauti nyembamba, ya juu, na kila walipovuta ilizidi kupanda. Mlio huo naujua. Kazini nikiusikia huwa natoka nje ya chumba nafunga mlango.

Nikamfikia Bo-min nikamkamata mkono.

"Toka hapo."

"Mama, niache."

"Toka, nasema."

"Watu wananiangalia. Mama, usinifanyie hivi leo." Akanipokonya mkono wake, akaunganisha vidole kwenye mti wa bendera. Ana nguvu kunizidi, na kichwa kigumu nilimpa mwenyewe.

Kupiga kelele nilitaka. Lakini ningesema kamba mbovu, nusu ya watu wangeachia na kukimbia, na mshtuko huo ndio ungeimaliza. Kitu kilichopandishwa kwa nguvu polepole hakina budi kishushwe polepole. Ilibidi upande mmoja utembee kuelekea mwingine, ukiwa umeshika. Ilibidi tushindwe, na ilibidi washindwe wale waliokuwa wananisikia, yaani wetu.

Ngoma yetu hupigwa na mzee Ok. Nilimpokonya vijiti.

"Una wazimu wewe mwanamke?"

"Ninao, kaa pembeni."

Kuna mdundo wa kuvuta, na kuna mdundo wa kubeba, ule wa kuitoa kamba inakosokotwa hadi uwanjani. Kwenye mdundo wa kubeba huvuti wala huachii, unatembea. Watoto wa Galmoe wanaujua kabla hawajajua kusoma. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Mstari wa mbele ukageuka kunitazama. Nikaendelea kuupiga, viganja vinachubuka, nikisema tembeeni, msiachie, tembeeni, na sijui kama kuna aliyenisikia. Miguu yao ilisikia. Mguu wa kwanza ukaenda mbele, ukafuatwa na wa pili, na safu nzima ya Upande wa Mto ikaanza kutembea kuelekea kwenye kushindwa kwake, nyuso zote zimeshangaa. Ule mlio ukaanza kushuka. Nilikuwa nausikiliza huo tu. Uliposhuka hadi ukawa mkoromo, na kamba ikagusa matope, Mlima walikuwa wanarusha kofia hewani.

Nadhani mnaweza kukisia nilichoambiwa. Mmoja aliuliza kama Mlima wameniahidi mume. Mwingine akasema mtu wa kuja habadiliki hata akizeeka hapa. Mzee Ok aliibeba ngoma yake akaondoka bila kunitazama. Bo-min akanijia na bendera ameikunja.

"Nimepewa mimi," akasema. "Katika wasichana wote nimepewa mimi, halafu mama yangu mwenyewe..."

Ningeweza kusema sentensi moja. Shemeji alikuwa amesimama pale pale, rangi imemtoka, na mimi nilimtazama nikanyamaza, kwa ajili ya mgongo ule uliombeba mwanangu. Nilikasirika mpaka taya zikauma, lakini nilinyamaza.

Watu wakaja na mundu zao, kama kila mwaka, kukata kipande cha kamba cha kuweka juu ya paa kwa baraka. Shemeji akasimama mbele yao ametanua mikono.

"Mwaka huu tusiikate. Nitaihifadhi."

"Tangu lini?" bibi mmoja akamuuliza, huku anamsukuma kwa kiwiko. Halafu bibi huyo akamwona Bo-min. "Wewe binti usihangaike na kipande. Nyumba yenu imeshapata chake kutoka Mlima."

Bo-min akainamisha kichwa. Hakumjibu, yeye ambaye hujibu kila mtu.

Shemeji aliliona hilo. Akashusha mikono yake, akamchukulia bibi mundu mkononi, akapiga magoti matopeni karibu na kigingi, akaanza kukata. Majani yakatoka mafungu mafungu. Chini yake pakatokea buluu. Watu wa nyuma walikuwa bado wanabishana, wa mbele walishainama kutazama. Akaendelea kufunua mpaka pale alipokuwa amesimama mwenye bendera. Nailoni ile ilikuwa na nyuzi nene tatu. Mbili zilikuwa zimekatika. Wa tatu ulikuwa umekonda kama kidole gumba, umefumuka manyoya.

"Nimeiweka mimi," akasema, bila kuinua uso. "Huyu aliniambia. Nilimwomba asiseme, na hakusema, hata mlipomtukana mbele yangu."

Bibi aliurudisha mkono wake kifuani. Bo-min akachuchumaa, akaugusa ule uzi wa tatu kwa ncha ya kidole, akatazama nyayo zake mwenyewe zilizobaki kwenye matope, hatua moja kutoka pale.

"Baba mkubwa, inuka," akasema. "Chini kuna baridi."

Alikuja akakishika kiganja changu kilichochubuka, akakibana kwa nguvu mpaka kikauma, na sikumwambia aachie.